Kumi Wale Walikuwa Watu

Kila tunapofikia somo la Luka 17:11–19, wahubiri wengi, nikiwemo mimi, tumezoea kusema, "Leo tunajifunza habari za wakoma kumi." Ndivyo tulivyofundishwa Shule ya Jumapili. Lakini fungua Biblia ya Union Version ya mwaka 1952, ile wanayokuja nayo wazee wengi ibadani, usome mstari wa 12. Humo hamna "wakoma". Wametajwa watu kumi, kisha ndipo ugonjwa wao ukatajwa. Watafsiri hawakuongeza neno hilo kwa huruma. Kiyunani cha Luka nacho kina neno "wanaume" mahali hapo. Sisi ndio tuliolifuta mimbarani.

Nililigundua hilo kwa aibu. Jumapili moja, baada ya kuhubiri somo hili, mzee mmoja ambaye vidole vyake viliharibiwa na ukoma alinisubiri nje hadi watu wakapungua.

"Baba Mchungaji," akasema, "mimi dawa nilimaliza zamani. Hospitali walinifuta kwenye daftari. Leo umeniandika upya."

Nikamwambia, "Nisamehe, mzee wangu." Sikuwa na la kuongeza.

Alisema kweli. Ukoma unatibika, dawa hutolewa bure, na matibabu huchukua miezi 6 au 12. Mgonjwa akishaanza dawa, baada ya muda mfupi haambukizi tena. Lakini "mkoma" ni jina lisilo na dozi. Tazama hata Simoni wa Bethania (Marko 14:3). Yesu alikuwa mezani nyumbani kwake, na wageni wengine wamo. Kwa sheria ya Walawi 13:46, mwenye ugonjwa ule alipaswa kukaa peke yake nje ya kambi, kwa hiyo yaelekea Simoni alikuwa amekwisha kupona. Hata hivyo anaitwa Simoni mkoma mpaka leo. Ugonjwa uliondoka, jina likabaki.

Wapo wanaosema kosa ni la Kiswahili chenyewe: kwamba kipofu, kiziwi na kiwete vimewekwa fungu moja na kiti na kisu, kana kwamba ni vitu. Hoja hii inavutia, lakini sikubaliani nayo. Kijana na kiongozi pia huanza na "ki", na hakuna anayelalamika. Tena hatusemi "kipofu kimekuja". Tunasema "kipofu amekuja". Sarufi inamtambua mtu. Kosa ni letu, tunapochukua kitu kimoja katika maisha ya mtu na kukifanya kuwa jina lake lote, hata jina alilobatizwa nalo halitajwi tena.

Wengine wataniuliza: Je, Mchungaji anataka kuisahihisha Biblia? Hapana. Somo tulisome lilivyoandikwa. Lakini hotuba, matangazo na maombi ni maneno yetu, na hayo tutayatolea hesabu (Mathayo 12:36).

Hata hivyo, tusidhani kwamba kubadili neno kunatosha. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ilitupa lugha ya heshima. Tukajifunza kusema "mtu mwenye ualbino" badala ya "zeruzeru", na bado ndugu zetu hao waliendelea kuwindwa na kukatwa viungo hata baada ya hapo. Nasi hapa mkoani Singida tunayo makazi ya Sukamahela, wilayani Manyoni, wanakoishi wazee na watu waliougua ukoma. Tunaweza kuwataja kwa lugha nzuri kabisa huku hatujawahi kukaa nao kula ugali.

Bwana wetu alifanya yote mawili. Mwanamke aliyepinda mgongo miaka 18 alimwekea mikono, kisha akamwita binti wa Ibrahimu mbele ya sinagogi zima (Luka 13:10–17). Zakayo, ambaye mji mzima ulimwita mwenye dhambi, Yesu alishinda nyumbani kwake na kumtaja kuwa mwana wa Ibrahimu (Luka 19:1–10). Hakuwatafutia neno la upole la kuwatenga nalo. Aliwapa jina la ukoo, jina la mtu mwenye kwao.

Baada ya siku ile nilianza kumtazama yule mzee wakati wa Chakula cha Bwana. Sikuwahi kuona kabla, ingawa nilikuwa nimesimama pale pale madhabahuni: alikuwa akingoja wote wamalize, ndipo aje peke yake. Alisimama mbali, kama wale kumi. Hakuna aliyemwagiza. Maneno yetu ya miaka mingi yalikuwa yamemwonyesha mahali pa kusimama.

Sasa namwita kwa jina lake la ubatizo, na mzee wa kanisa mmoja huja naye katika safu ya kwanza. Jumapili ya kwanza alikataa. Ya pili alikuja, akapiga magoti katikati ya wenzake.