Dawati la Nyuma

GIMP, programu ya kuhariri picha, hutolewa bure, na mwenye ujuzi aweza kuirekebisha. Naisifu kwa hilo. Lakini tangu 1996 ilipotolewa kwa umma hadi 2012, ilipoleta hiari ya dirisha moja, vifaa vyake vilitawanyika katika madirisha kadhaa, mgeni akababaika. Walioiunda walikwisha izoea.

Siwalaumu mno. Chuoni niliwapima walimu wanafunzi kwa andalio la somo, nikiwatazama wao ubaoni, si watoto. Siku moja niliketi dawati la nyuma: maandishi hayakusomeka. Nani alijua, miaka yote ile?

Mtengenezaji naye aketi nyuma ya mtumiaji, anyamaze, atazame mkono unapokwama. Uhuru wa kutumia usichokimudu ni nusu ya uhuru.