Hati za Mchapishaji Mdogo: Broadside Press ya Detroit

Wahakiki wetu wana desturi ya kulitazama shairi kana kwamba limeingia kitabuni kwa miguu yake. Mpiga chapa, bei ya karatasi na barua za maafikiano havitajwi. Madhumuni ya maneno haya machache ni kuonyesha hasara ya desturi hiyo, kwa mfano wa Broadside Press iliyoanzishwa na Dudley Randall mjini Detroit, Marekani, mwaka 1965.

Randall (1914–2000) alikuwa mshairi na mtunza maktaba. Mwaka 1963 kanisa la watu weusi mjini Birmingham, Alabama, lilitegwa bomu na wasichana wanne wakafa. Randall alitunga shairi la msiba huo, na mwimbaji mmoja akalitia muziki. Ili kuilinda haki ya utungo wake, Randall alilipiga chapa kwenye karatasi moja kwa dola 12 za mshahara wake. Basi chanzo hakikuwa ilani ya siasa wala nadharia ya sanaa, bali haja ya kisheria. Beti zenyewe hazitwambii hayo.

Husemwa mara nyingi kuwa kampuni hii ilikuwa sauti moja tu, ya vijana wenye hasira. Orodha ya machapisho yake yakanusha. Katika karatasi za awali yumo Robert Hayden, ambaye katika mkutano wa waandishi wa mwaka 1966 katika Chuo Kikuu cha Fisk alishikilia kwamba yeye ni mshairi kwanza, na rangi baadaye. Kampuni hiyo hiyo ilitoa vitabu vya Don L. Lee mwaka 1968 na 1969, naye alikuwa na msimamo wa kinyume kabisa. (Baadaye Lee alijiita Haki Madhubuti, maneno mawili ambayo msomaji wetu hahitaji kufasiriwa.) Kadhalika kitabu cha kwanza, cha mwaka 1966, kiliyapanga mashairi ya Randall na ya Margaret Danner yakabiliane. Sisi tuliolelewa katika majibizano ya malenga twautambua mpango huo mara moja.

Mfano mzito zaidi ni Gwendolyn Brooks, aliyepata tuzo ya Pulitzer mwaka 1950. Mwaka 1969 alitoa kijitabu chembamba, *Riot*, kwa Randall, wala si kwa kampuni kubwa ya New York iliyozoea kumchapisha. Mhakiki anayeona mageuzi ya mtindo tu ameona nusu ya habari. Brooks alibadili pia mchapishaji na, pamoja naye, msomaji aliyemkusudia.

Hata hivyo tusimpambe Randall kupita kiasi. Kazi nyingi mno ilikuwa juu ya mtu mmoja. Gharama na madeni vikamlemea, na mwaka 1977 aliiuza kampuni.

Hati zake zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Michigan, na ndiyo maana hukumu hizi zaweza kupimwa. Washairi wetu nao walipeleka tungo zao magazetini, kama vile *Mambo Leo* lililoanza mwaka 1923. Tungo twazisoma, lakini barua ya mhariri iliyokataa ubeti, au ankara ya mpiga chapa, huishia kufungia vitumbua. Mwenye sanduku la marehemu babu yake asilichome. Uhakiki wa kesho umo humo.