Kwanza Tukubaliane Tunabishania Nini

Tarehe 28 Januari 1948, idhaa ya Third Programme ya BBC ilirusha mjadala kuhusu kuwapo kwa Mungu. Upande mmoja alikuwa Frederick Copleston, padri Mjesuiti wa miaka 40. Upande wa pili alikuwa Bertrand Russell, miaka 75, mwanahisabati na mwanafalsafa ambaye ulimi wake mkali dhidi ya dini ulikuwa unajulikana mbali. Mtu aliyezoea mihadhara ya viwanjani, au matusi ya kwenye simu siku hizi, angengojea cheche tangu dakika ya kwanza.

Cheche hazikuja. Padri alianza kwa kuuliza: tukisema Mungu, je, tukubaliane kwa sasa kwamba tunamaanisha nafsi iliyo kuu kuliko zote, isiyo sehemu ya ulimwengu, na iliyouumba ulimwengu huo? Russell akakubali. Padri akauliza tena: msimamo wako ni kwamba inaweza kuthibitishwa kuwa Mungu hayupo, au ni kwamba jambo hilo halijulikani? Russell akajibu kuwa msimamo wake ni huo wa pili.

Kwa maswali hayo mawili, Copleston alijinyima ushindi wa bei rahisi. Angeweza kumbandika Russell jina la mkanamungu, wasikilizaji wengi wangemwitikia, kisha akautumia muda wote kumcharaza mtu ambaye hata hayumo studioni. Alimwacha mwenzake ajitaje mwenyewe. Hapo ndipo ninapomvulia kofia, maana wabishi wengi tunaowasikia huanza kwa kumwambia mpinzani anaamini nini.

Hoja aliyoileta ilikuwa ya mwanafalsafa Leibniz. Kila tukionacho kinategemea kingine: mtu anawategemea wazazi, anategemea hewa na chakula. Vitu tegemezi, hata uvikusanye vyote, haviwezi kueleza kwa nini vipo. Basi lazima kiwepo kisichotegemea chochote. Russell hakuicheka. Aliishika pale penye mfupa: hiyo "lazima", alisema, ni sifa ya sentensi, si ya vitu. Baadaye akatoa mfano ambao watu wanausimulia mpaka leo, kwamba kila binadamu ana mama, lakini haifuati kwamba jamii nzima ya binadamu nayo ina mama yake.

Wasimuliaji wengi huishia hapo, wakampa Russell kombe. Mimi naona utamu unaanzia hapo. Copleston hakupandisha sauti wala hakurukia hoja nyingine. Alijibu kwamba kama angekuwa anadai mfululizo wote una sababu ya aina ileile ya vitu vilivyomo ndani yake, mfano huo ungefaa; ila yeye hadai hivyo, anadai sababu ya aina nyingine kabisa. Na alikuwa ameshatangulia kusema kwamba ukijumlisha chokoleti utapata chokoleti, hupati kondoo, hata ujumlishe bila kikomo. Huo ni ufundi wa kupima pigo la mwenzako, ukasema waziwazi lingeumiza wapi na kwa nini halikufika.

Kisha, Russell aliposhikilia kwamba ulimwengu upo tu na maelezo yameishia hapo, Copleston aliurudia msimamo huo kwa maneno yake mwenyewe, akauliza: ndivyo unavyosema, kwamba hata kuuliza sababu ya ulimwengu si halali? Russell akasema ndivyo. Wakakubaliana kwamba hapo mazungumzo hayasogei, wakahamia jambo jingine. Adabu hii isidhaniwe ni ulegevu. Padri huyohuyo hakusita kudokeza kwamba anayekataa hata kukaa kwenye ubao wa sataranji, kweli, hawezi kufungwa.

Tabia hii ya kumsema mpinzani vizuri ina ukoo mrefu. Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki 1111, aliwaandikia wanafalsafa kitabu cha kuwapinga, Tahafut. Lakini anacho pia Maqasid, kinachoyaeleza mafundisho yao kwa unyoofu kiasi kwamba wasomaji wa Kilatini huko Ulaya kwa muda mrefu walimdhania ni mmoja wao. Copleston naye, wakati wa mjadala, alikuwa ameshaanza kuandika historia ya falsafa ya majuzuu mengi, kazi inayomlazimu mtu akae na fikra asizozikubali hadi azieleze kama mwenyeji.

Sehemu ya maadili ndiyo ninayoona Russell aliyumba. Alisema anatofautisha wema na ubaya kama anavyotofautisha buluu na manjano. Copleston akauliza: rangi unazijua kwa macho, wema unaujua kwa kitu gani? Kwa hisia zangu, akajibu. Padri akamtaja kamanda wa Belsen, kambi ya mateso ya Wanazi, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa vimemalizika chini ya miaka mitatu tu. Angalia alicholenga: hakugusa tabia ya Russell, aliuliza msingi wa hukumu yake.

Mwaka 1949 Copleston alirudi kwenye idhaa hiyohiyo kukutana na A. J. Ayer, kijana kuliko Russell na asiyeamini vilevile. Safari hii hata lile swali la kufungulia halikuwa na pa kusimama, kwani kwa Ayer sentensi juu ya Mungu haikuwa kweli wala uongo. Haikuwa na maana. Kwa hiyo wakaanza nyuma zaidi, wakajadili sentensi hupata vipi maana.