Taarifa ya Mwaka ya Usharika: Hesabu ya Uwakili au Orodha ya Mafanikio?
Mtazamo kutoka Bariadi

Utangulizi

Kila mwanzo wa mwaka mchungaji husimama mbele ya mkutano mkuu wa usharika na kusoma taarifa ya mwaka uliopita. Ni andiko ambalo karibu kila mchungaji wetu huliandika, lakini ni nadra sana kuchunguzwa. Mahubiri tunayafundisha darasani na liturgia ina vitabu vyake; taarifa ya mwaka kila mmoja huiga ile ya mtangulizi wake. Katika makala haya tunakusudia kuitazama kama andiko la kitheolojia na kuuliza inaungama nini juu ya Kanisa. Tumechagua kuitazama kutoka Bariadi na Mkoa wa Simiyu, kwa sababu mazingira ya huko yanaonyesha waziwazi inapotusaidia na inapotupotosha. Hatumlengi mchungaji wala usharika wowote. Tunachunguza aina ya uandishi.

Umbo la taarifa

Wasomaji wetu wanalijua umbo lenyewe. Kwanza salamu katika jina la Bwana, kisha shukrani kwa wazee wa Kanisa, wainjilisti, kwaya na vikundi. Hufuata hesabu: waliobatizwa, waliopata kipaimara, waliofunga ndoa, waliohamia, waliohama na waliofariki. Baadaye huja mapato na matumizi, halafu majengo: msingi uliokamilika, bati zilizonunuliwa, nyumba ya mtumishi iliyofikia lenta. Matatizo hupewa aya moja fupi, na matarajio ya mwaka ujao huwa mara nyingi ni majengo yaliyobaki. Mwishoni huwekwa neno la Maandiko.

Umbo hili si baya. Mchungaji ni wakili wa mali isiyo yake, na Bwana wetu katika mfano wa wakili alionyesha kwamba hesabu ya uwakili itadaiwa. Mshariki aliyetoa sadaka yake ana haki ya kujua imekwenda wapi, na dayosisi haiwezi kupanga kazi bila takwimu. Wala Maandiko hayakatai kuhesabu: Luka anatutajia watu wapatao elfu tatu siku ya Pentekoste. Lakini Maandiko hayohayo yanasimulia hesabu aliyoiamuru Daudi, iliyoleta hukumu juu ya taifa zima. Kwa hiyo hatuna budi kuuliza namba zinahesabiwa kwa nia gani, na zinaeleza nini hasa.

Namba na maana yake

Hapa Bariadi inatufundisha. Mkoa wa Simiyu uliundwa mwaka 2012, na mji wa Bariadi ukawa makao makuu yake. Mji unapokuwa makao ya mkoa, ofisi hufunguliwa na watumishi huhamishiwa hapo, na miongoni mwao wamo Walutheri waliobatizwa na kulelewa Kilimanjaro, Arusha, Kagera au Iringa. Usharika wa mji wa namna hiyo waweza kuongezeka mwaka hata mwaka, na taarifa ikasema kwamba Injili imesonga mbele. Je, ni Injili iliyosonga mbele, au ni barua za uhamisho za serikali? Mshariki aliyehamia tunampokea kwa furaha. Lakini tukimjumlisha pamoja na mzee wa Itilima aliyebatizwa leo, sisi na jirani zake wote tukiwa mashahidi, namba yetu haitatuambia tena lolote juu ya kazi tuliyotumwa kuifanya.

Upande wa pili ni wale walioandikwa kuwa wamehama. Kwa miongo mingi wafugaji wa Kisukuma wamekuwa wakiondoka na mifugo yao kutafuta malisho, wakielekea Rukwa, Katavi, bonde la Usangu, Morogoro na hata Lindi. Katika taarifa ya mwaka familia hizo ni pungufu. Lakini Matendo ya Mitume yanatuonyesha kwamba waliotawanyika kutoka Yerusalemu ndio waliolipeleka neno huko walikokwenda. Je, usharika uliwapa barua, uliwaombea, uliwaandikia wachungaji wa huko? Taarifa inayowaandika katika safu ya waliohama na kunyamaza imewapoteza mara mbili.

Fedha nazo zinahitaji kusomwa kwa hekima. Mkoa huu unaishi kwa pamba. Msimu wa kuinunua hufunguliwa kwa kawaida mwezi Mei, na miezi michache inayofuata ndiyo miezi ya fedha, ya harusi na ya ngoma. Kufikia Januari, mkutano mkuu unapoketi, mkulima amekwisha kutumia alichopata, yumo shambani akipalilia, na ghala lake linaelekea ukingoni. Tunamsomea upungufu wa ahadi zake wakati ambao hana kitu, nasi tunashangaa kwamba hainui uso. Mwaka 2019 wakulima wengi wa pamba walikaa miezi mingi bila kulipwa fedha za pamba waliyokwisha kuikabidhi. Usharika ambao sadaka yake ilipungua mwaka ule usingeweza kuambiwa kwa haki kwamba umepoa katika imani. Safu ya mapato haina mahali pa kulieleza jambo hilo. Aya ya mchungaji inapo.

Yanayonyamaziwa

Udhaifu mkubwa zaidi wa taarifa zetu umo katika yale yasiyoandikwa. Ni jambo linalojulikana kwamba Usukumani kwa miaka mingi wanawake wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, mara nyingine kwa sababu tu ya macho yao mekundu, ambayo huletwa na moshi wa kupikia kwa samadi na mabua. Ni jambo linalojulikana pia kwamba kuanzia mwaka 2007 Kanda ya Ziwa ilishuhudia mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Wauaji na waliouawa hawakutoka nchi ya mbali. Walikaa katika vijiji vyenye makanisa ya madhehebu mbalimbali, na makanisa hayo yote yalikuwa na taarifa za mwaka.

Tunauliza: katika taarifa ipi tutasoma kwamba mjane fulani hulala kwa hofu, na kwamba wazee wa mtaa wamepanga zamu ya kumtembelea? Tutasoma wapi kwamba katika darasa la kipaimara vijana waliulizwa wanaamini nini juu ya ugonjwa na kifo, nao wakajibu kwa maneno ya mganga? Kuandika kwamba hali ya kiroho ni nzuri kwa sababu ibada zinajaa, huku hofu ya uchawi ikitawala nyumba za washarika, ni kuufanana usharika wa Sardi, uliokuwa na jina la kuwa hai. Wahenga walisema: mficha maradhi, kilio kitamuumbua.

Ulutheri, tena, ni mgeni wa karibuni katika sehemu hizi. Nassa, ambayo leo imo katika Wilaya ya Busega, ilipokea wamisionari wa Africa Inland Mission tangu mwaka 1909, na Kanisa Katoliki lina mizizi ya siku nyingi. Walutheri wa Shinyanga na Simiyu, walio leo katika Dayosisi ya Kusini Mashariki ya Ziwa Victoria, hawawezi kujipima kwa wingi peke yake. Yafaa wajiulize ni Wasukuma wangapi wanaosikia Injili katika lugha ambayo kwayo wanaota ndoto na kuomboleza.

Mfano wa Saksonia

Mapokeo yetu yenyewe yanatupa mfano wa taarifa iliyo bora. Katika ukaguzi wa sharika za Saksonia mwaka 1528, Luther alikuta watu wasiojua Sala ya Bwana, Imani wala Amri Kumi, na wachungaji wasioweza kufundisha. Angeweza kuandika juu ya idadi ya makanisa yaliyojiunga na matengenezo. Badala yake aliuweka upungufu ule wazi, kwa huzuni, katika dibaji ya Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529. Kitabu ambacho kimewalea Walutheri wa dunia nzima, na wa Usukuma pia, ni tunda la taarifa iliyosema kweli. Upungufu ulipotajwa, dawa yake ilitafutwa.

Hata Paulo na Barnaba, walipolikusanya kanisa la Antiokia baada ya safari yao, hawakusimulia waliyoyatenda wao, bali yote Mungu aliyoyatenda pamoja nao, na jinsi alivyowafungulia mataifa mlango wa imani. Hiyo ndiyo sarufi ya taarifa ya Kikristo: mtendaji wa kitenzi kikuu ni Mungu. Na Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 linapolieleza Kanisa linataja Injili inayohubiriwa kwa usafi na sakramenti zinazotolewa sawasawa, halitaji jengo.

Hitimisho

Hatupendekezi takwimu ziondolewe, wala kwamba jengo lisitajwe. Kanisa lenye paa linalovuja ni mzigo wa kweli. Tunapendekeza kwamba waliobatizwa kutoka nje ya Kanisa watenganishwe na waliohamia. Kwamba waliohama waandikwe pamoja na mahali walikokwenda na aliyewapokea huko. Kwamba fedha zisomwe pamoja na hali ya mavuno. Na kwamba aya ya matatizo iwe ndefu kuliko aya ya majengo. Matarajio ya mwaka ujao na yatoke katika aya hiyo. Pale ambapo taarifa imesema kwamba wajane wanaogopa, mpango wa mwaka ujao na uanze na wajane.

Wanafunzi wa theolojia watakaopelekwa Bariadi, Maswa au Meatu watakabidhiwa faili la taarifa za waliowatangulia. Wazisome kwa heshima, maana zina jasho la watumishi. Kisha, kabla hawajaandika ya kwao, watembee mitaani kutazama ni jambo gani halimo ndani ya faili lile.