Zara Katua Mazwi

Jamani, wenye kompyuta mpakato za mtumba mlioambiwa zimepitwa na wakati, msiuze! Ngojeni kwanza. Zara ametua Mazwi, hapa Sumbawanga. Jina lake kamili ni Linux Mint 22.2, mfumo endeshi uliotoka Septemba 2025, na nimemwasha kwenye HP EliteBook 840 G3, mashine ambayo ukizunguka steshenari za Sumbawanga huchelewi kukutana nayo. Tangu hapo sina hadithi nyingine. Nikikaa kijiweni, Zara. Nikinunua maharage sokoni, Zara. Watu wameanza kunikwepa, na wana haki yao.

Kilichonimaliza ni dakika za mwanzo kabisa, kabla sijasakinisha chochote. Unachomeka flashi, unawasha mashine huku unabonyeza F9, na mfumo mzima unafunguka ukiwa bado ndani ya flashi. Diski haijaguswa. Ukichomoa flashi na kuwasha upya, unayakuta mambo yako ya zamani kama ulivyoyaacha. Na katika majaribio hayohayo waifai ikashika, sauti ikatoka, kamera ikaniona, vitufe vya mwanga wa kioo vikatii. Yeyote aliyewahi kupiga Windows kwa mkono wake anajua uzito wa jambo hili. Anajua karaha ya kumaliza kazi usiku, waifai ikagoma kwa kukosa draiva, draiva yenyewe iko kwenye intaneti, na intaneti inataka waifai. Nilicheka peke yangu chumbani.

Na sura yake! Ukurasa wa kuingilia sasa unabeba picha yako, na mandhari ya nyuma imefifishwa kiustadi. Hilo ni jipya katika toleo hili. Ndani, menyu iko chini kushoto, saa chini kulia, madirisha yanafungwa kwa alama ileile mliyoizoea. Dada wa steshenari niliyemkalisha mbele yake alianza kuchapa barua ya mteja bila kuniuliza kitu. Mteja ndiye aliyeuliza: "Kaka, hii ni Windows ya ngapi?" Nilipomjibu kwamba si Windows, alimgeukia dada kuthibitisha kama ninamtania.

Sasa sababu ya kuwazuia msiuze. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma kwa Windows 10, mfumo uliotoka Julai 2015. Watu binafsi waliojisajili kwenye mpango wa nyongeza wamesogezewa viraka vya usalama mpaka Oktoba 2026, basi. Windows 11 nayo ina masharti mlangoni: inataka usalama wa TPM 2.0, na kama prosesa ni ya Intel iwe ya kizazi cha nane kwenda juu, ukiacha chache zilizosamehewa. 840 G3 ni kizazi cha sita. Kibodi nzima, SSD nzima, RAM ya GB 8 ipo, lakini haiingii! Huku Ufipa wahunzi wa zamani walijenga malungu, matanuri marefu ya udongo yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto, na chuma kilichotoka humo kikiwa bado na takataka hakikutupwa. Kilirudishwa kwenye tanuri dogo, kikasafishwa, ndipo kikafuliwa jembe. Mashine ya kizazi cha sita ni chuma kinachongoja tanuri la pili.

Zara hataki makubwa. Masharti yake rasmi ni RAM ya GB 2, ingawa watengenezaji wenyewe wanashauri 4, pamoja na GB 20 za diski. Nikimwacha bila kufungua kitu anakula RAM ya GB moja na ushee, na feni ya mashine inanyamaza kabisa (baridi yetu ya uwandani pia inasaidia, nisimpe Zara sifa zote). Mradi huu wa Mint ulianzishwa na Clement Lefebvre mwaka 2006, matoleo yake hupewa majina ya kike, na familia hii ya 22 imejengwa juu ya Ubuntu 24.04. Viraka vya usalama vitaendelea kuja mpaka 2029. Bei yake ni sifuri, kwa hiyo hakuna kukraki. Vile vijiprogramu vya kukraki mnavyopokezana vimekamatwa mara nyingi vikiwa vimebeba wezi wa nywila, na aliyekraki huwa anazima apdeti ili asigundulike. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilizifunga kompyuta duniani kote na kudai fidia. Kilizikuta zile ambazo hazijawekewa kiraka kilichotolewa tangu Machi ya mwaka huohuo.

Lakini uhondo wenyewe uko kwenye flashi za wateja. Hali mnaijua. Mwanafunzi wa chuo analeta ripoti yake ichapwe, unafungua flashi, kila folda imegeuka njia ya mkato, na faili halisi hazionekani. Machozi yanamlenga. Kumbe kirusi hakijafuta kitu. Kimeyabandika mafolda ya kweli alama ya kufichwa, kikaweka vijinjia bandia vyenye majina yaleyale. Ukibofya kimoja tu, kimeingia kwenye mashine yako na kuanza kuvizia flashi ya mteja anayefuata. Hivyo ndivyo flashi moja inavyougulisha mtaa mzima kabla ya saa za mchana. Kwa Zara, vijinjia vile ni faili mfu. Vinaita programu za Windows ambazo hapa hazipo. Na ile alama ya kuficha hakuna anayeijali, mafolda ya kweli yamejipanga mbele yako yote. Unanakili, unahamishia kwenye flashi safi, unamrudishia mtu ripoti yake. Ukiwa na steshenari, hata kama humpendi Zara kwa lolote lingine, mweke kwenye mashine ile moja inayopokea flashi. Hiyo peke yake inamtosha kuwa mfanyakazi bora wa mwaka.

Umeme sasa. Kwa miaka mingi Sumbawanga imekuwa ikipata umeme kutoka ng'ambo ya mpaka, Zambia, na mvua zikianza radi nazo hazituonei huruma (utani wa radi za Sumbawanga nimeuzoea, endeleeni tu). Kompyuta ya mezani isiyo na UPS inazimika katikati ya sentensi. Diski ya Zara imepangwa kwa mtindo wa ext4, ambao huandika kwanza kwenye daftari lake mabadiliko inayokusudia kuyafanya, kisha ndipo inayafanya. Umeme ukirudi inasoma daftari na kujiweka sawa. Nimemzimia umeme makusudi, mara baada ya mara, kwa roho mbaya kabisa. Anawaka. Kuhusu kazi uliyokuwa unachapa, LibreOffice huhifadhi nakala ya dharura kila baada ya dakika 10, na kwa umeme wetu dakika 10 ni umri wa mtu. Ingieni kwenye mipangilio muishushe iwe dakika 2 siku hiyohiyo ya kwanza.

Tena kuna Timeshift, inayotunza hali ya mfumo kwa tarehe mnayoichagua. Mkiharibu kitu mnaurudisha mfumo ulivyokuwa juzi. Fundi anayelala nyumbani kwake bila kupigiwa simu atanielewa.

Upande wa bando nina sifa na lawama. Sifa: Zara hajichukulii apdeti. Anakuonyesha ngao ndogo pembeni, anakuambia kuna viraka vya ukubwa fulani, unaamua mwenyewe uvishushe sasa au usiku bando la bei nafuu likianza. Halazimishi kuzima na kuwasha wakati mteja amesimama mbele yako. Lawama: programu zinazokuja kwa mfumo wa Flatpak ni walafi. Ya kwanza kuisakinisha inaburuta mizigo ya mamia ya MB ambayo hukuiomba, kwa hiyo kwenye duka la programu angalieni, penye chaguo la kawaida la mfumo chagueni hilo. Na kama mna mashine zaidi ya moja kwenye ruta ileile, fungueni Warpinator. Inahamisha faili kutoka mashine hadi mashine bila kugusa intaneti hata kidogo. Zipo steshenari ambazo mpaka leo zinatumiana kazi kwa WhatsApp kati ya meza mbili zinazotenganishwa na hatua tatu!

Sasa shikeni viti. Kiswahili! Fungueni kituo cha amri, andikeni sudo apt install hunspell-sw, wekeni nywila, subirini kidogo tu. Rudini LibreOffice, chagueni Kiswahili cha Tanzania kuwa lugha ya waraka, halafu chapeni muhtasari wa kikao cha kikoba. Ile mistari myekundu iliyokuwa ikitambaa chini ya kila neno, kana kwamba Kiswahili kizima ni kosa, inatoweka. Inabaki pale ulipokosea kweli tu, au ulipoandika jina la kijiji. Kamusi haijakamilika, maneno yenye viambishi virefu huyakataa mengine, na utayaongeza kwa mkono. Lakini kwa kazi ya kuchapa ya kila siku ni ukombozi. Wala si jambo la jana. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima ya kompyuta iliyosema Kiswahili, na LibreOffice tunayoitumia ilichipuka kutoka OpenOffice hiyohiyo mwaka 2010. Inanikera kwamba baada ya miaka zaidi ya ishirini bado tunawaambia watoto wa sekondari kwamba kompyuta ni kitu cha Kiingereza.

Gemu. Najua wengi mmeruka mpaka hapa. PPSSPP ipo, ileile mnayochezea PES kwenye simu, na kwenye kioo cha inchi 14 pamoja na kidhibiti cha USB inatia wazimu. Picha haikwami, sauti haikatiki. GTA San Andreas ya mwaka 2004 inaendeshwa kupitia Wine, daraja la programu za Windows. Duka la gemu la Steam lipo na Proton yake, kazi ya Valve tangu 2018 inayofanya gemu za Windows ziende kwenye Linux. Teknolojia hiyohiyo ndiyo inayobeba Steam Deck. Msitarajie miujiza kwa kadi ya picha ya Intel ya mwaka 2015, lakini gemu za kale zinateleza. Na 0 A.D., ya bure kabisa, gemu ya kujenga dola na kupigana, ambamo unaweza kuwaongoza Wakushi wa bonde la Nile dhidi ya Roma. Inachezwa kwa mashine kadhaa kwenye ruta moja bila bando. Jumamosi yangu imekwisha hapo.

EA Sports FC mpya, hapana. Ulinzi wake dhidi ya wadanganyifu unataka kukaa ndani kabisa, kwenye keneli ya Windows, na kwenye Linux haukubali kufanya kazi. Mwenye kibanda cha gemu anayeishi kwa FC abaki na konsoli zake. Mimi hata sisikitiki sana. Tarehe 19 Julai 2024 apdeti moja mbovu ya CrowdStrike, programu ya ulinzi inayokaa kwenye keneli vilevile, iliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, viwanja vya ndege vikasimama. Kampuni ya gemu ikiniomba ufunguo wa chumba hicho ili tu nipige penalti, jibu langu ni hapana.

Kasoro nyingine ni printa. Za Epson za wino wa matangi na za HP zilishika vizuri, lakini leza moja ya zamani, jina nalihifadhi, ilinipotezea mchana mzima. Msihame kabla hamjachapa karatasi moja mkiwa bado mnaendesha kutoka kwenye flashi.

Faili la kusakinishia lina karibu GB 3, kwa hiyo najua mtapeana mkono kwa mkono badala ya kupakua kila mtu. Fanyeni hivyo, ila muwe macho. Februari 2016 wadukuzi waliivamia tovuti ya Linux Mint yenyewe, wakawaelekeza watu kwenye toleo la 17.3 lililopandikizwa mlango wa nyuma. Kwa hiyo linganisheni namba ya uhakiki ya SHA256 kabla ya kusakinisha. Ina herufi na tarakimu 64. Nakala yangu ipo, njooni na flashi ya GB 4 au zaidi, lakini namba ya kulinganisha msiichukue kwangu. Ifungueni kwenye tovuti ya Mint kwa simu zenu wenyewe, muisome tarakimu kwa tarakimu hapohapo mbele yangu. Sitanuna.