Fremu Kwanza, Kioo Baadaye: Kumjua Fundi wa Parabrizi Kindu

Ukitaka kumjua fundi wa parabrizi hapa Kindu, mfikie wakati kioo kipya bado kimeegemezwa ukutani na gari liko wazi mbele. Kioo chenyewe hakimsifu wala hakimwaibishi, maana kilitengenezwa kiwandani, mbali na hapa. Kazi yake iko kwenye ukingo wa bati unaozunguka lile pengo. Ameukwangua, akaupiga msasa, akaupaka rangi ya kuzuia kutu na kungoja ikauke? Au anafuta vumbi kwa kitambaa na kuwaita vijana waje wabebe kioo? Mwenye gari anayekuja jioni, gari likiwa limeshaoshwa, hawezi kujua lolote kati ya hayo. Mpira unaokishika kioo umefunika kila kitu, na kutu inaendelea kula chini yake.

Gari ninalolizungumzia ni Land Cruiser 79, pikap ngumu ambayo Toyota iliitoa mwaka 1999 katika ukoo wa magari ulioanza 1984. Wenye migodi wanayo, mashirika yanayo, maparoko wanayo, na kila aliyeuza mchele wa kutosha anaiwazia. Kioo chake cha mbele kimesimama karibu wima, kwa hiyo jiwe lililorushwa na lori hukipiga uso kwa uso badala ya kuteleza juu. Lakini ina fadhila moja kubwa: kioo hicho kimeshikwa na mpira, hakikubandikwa kwa gundi. Watu wawili wenye mikono mizuri, kamba na sabuni wanaweza kukitoa na kukirudisha chini ya mwembe.

Barabara zetu hazikosi namna ya kukipasua. Kwenda Kalima ni kokoto nyekundu. Kwenda Kibombo na Kasongo kuna mianzi na matawi yanayolala barabarani baada ya mvua. Halafu kuna bac, yaani kivuko cha mtoni. Kindu haina daraja juu ya Lualaba, na gari linalovuka kati ya Kasuku na Alunguli hupanda mara nyingi tairi moja likiwa juu kuliko lingine. Hapo chasisi hujipinda, na fremu ya kioo hujipinda nayo. Ufa uliokuwa na urefu wa ukucha unafika ng'ambo ukiwa na urefu wa mkono, na dereva ataapa kwamba hakuna jiwe lililompiga. Anasema kweli.

Kioo kipya nacho hakiji haraka. Kuna reli kati yetu na Kongolo, na bado tunaitegemea treni hiyo, ingawa kuijua siku yake ni kazi nyingine. Mashua hutoka upande wa Ubundu. Uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa Januari 2025, njia fupi ya mizigo kutoka mashariki nayo ilikatika. Ndiyo maana swali la kwanza la fundi mzuri ni kama hiki ulicho nacho kinaweza kuokolewa. Anayekimbilia kusema “leta kipya, Papa” kabla hajainama kuangalia, mtazame vizuri, hasa kama ndugu yake anauza vioo.

Kidonda kidogo cha jiwe hupona. Kioo cha mbele ni tabaka mbili za kioo zenye karatasi nyembamba ya plastiki katikati, kwa kawaida ya unene wa milimita 0.76. Jiwe likipasua tabaka la nje peke yake, tundu linaweza kujazwa resini. Pitisha ukucha ndani ya gari, mahali hapohapo: ukikwama, tabaka la ndani nalo limeumia, na hapo resini ni kupoteza pesa. Ufa uliogusa ukingo wa kioo nao uache, kwa sababu kila mpindo wa fremu utauvuta tena. Kwa ukubwa, mimi hutumia kipimo cha wakaguzi wa magari wa Uingereza. Katika ukanda wa milimita 290 ulio mbele ya usukani, jeraha linalozidi milimita 10 halikubaliki. Kwingineko panapofagiwa na waipa mwisho ni milimita 40. Hakuna atakayekusimamisha Kindu na rula, ila vipimo hivyo vina akili. Hata jeraha lililozibwa vizuri huacha alama, na alama mbele ya macho ya dereva hung'aa usiku taa za gari lingine zikija.

Uzibaji wenyewe unastahili kutazamwa kwa karibu. Fundi anachokoa vumbi la kioo kwa sindano. Kama mvua ilinyesha, anapasha joto taratibu kutoka ndani mpaka unyevu utoke, maana resini haikai palipo na maji. Kisha anabandika kifaa kinachoshika kioo kwa kunyonya, anavuta hewa iliyo ndani ya ufa, halafu anasukuma resini ichukue nafasi yake. Anavuta tena, anasukuma tena. Wenye haraka hufanya mara moja tu. Yote haya yafanyike kivulini: resini hugandishwa na miale ya jua, na sisi tuko chini kidogo ya ikweta, hata nyuzi tatu za kusini hazitimii. Anayezibia juani, resini inaganda kabla haijafika kwenye ncha za ufa. Kazi ikikamilika kivulini, ndipo gari husogezwa juani, na hapo jua letu linafanya kazi ya taa ambayo wenzetu wa mijini huinunua. Mwishoni anakwangua tone lililozidi kwa wembe uliosimama wima. Pitisha ukucha: uteleze. Tazama kwa pembeni: usione mng'ao wa fedha, kwa sababu huo ni hewa iliyobaki. Ukiona kivuli kidogo tu, lipa. Aliyekuahidi kwamba hakutabaki hata dalili alikudanganya kabla ya kuanza.

Kuna wanaotia gundi ya viatu au rangi ya kucha. Inageuka njano, na mbaya zaidi inaziba njia, hata fundi wa kweli akija baadaye hana pa kupitishia resini. Kama fundi yuko mbali, bandika utepe wa plastiki mwangavu juu ya jeraha ili vumbi na maji visiingie, na usimwagie kioo maji baridi saa saba mchana.

Sasa tuseme hakuna la kuokoa. Kioo kinapoletwa, kisome kabla ya kukilipia. Kwenye kona kuna maandishi madogo: herufi E ndani ya duara na namba ya nchi iliyokiidhinisha, namba 43R ya kanuni ya kimataifa ya vioo vya magari, na namba ya Kirumi II inayosema ni kioo cha tabaka mbili. Vilivyoidhinishwa kwa soko la Marekani huandikwa DOT na AS1. Kioo kisicho na maandishi kabisa kinaweza kuwa cha dirisha la duka, kilichokatwa kwa kufuata kiolezo cha kadibodi. Kikivunjika kinatoa mapande yenye makali ya kisu. Tazama ukingo wake uliosimama: uone kioo, mstari mwembamba, kioo. Mstari huo ndio uhai wako. Ulianza na mkemia Mfaransa Édouard Bénédictus, ambaye mwaka 1903 aliona chupa ya maabara ikianguka na kupasuka bila vipande kutawanyika, kwa kuwa ndani ilikuwa na utando wa dawa iliyokaukia humo. Mwaka 1909 akachukua hataza. Vioo vya milango ni vya aina nyingine, vinamwagika punjepunje, na vikiwekwa mbele jiwe moja linakuacha huoni chochote.

Kisha kisimamishe, rudi hatua nne au tano, tazama kupitia kioo hicho ukingo wa paa la mabati la jirani, na usogeze kichwa kushoto na kulia. Mstari wa paa usicheze. Ukicheza, dereva ataumwa kichwa kabla ya kufika Kalima na hatajua kwa nini. Kioo kilichotolewa kwenye gari lililokufa si haramu, nimeona vingi vizuri kuliko vipya vya bei rahisi. Kwenye hicho tafuta vitu vitatu: weupe wa maziwa unaoingia kutoka kandoni, ambao ni plastiki ikiachana na kioo; mikwaruzo ya waipa, inayoonekana ukikielekeza kwenye jua la jioni; na vijijeraha vya bisibisi kwenye ukingo, kumbukumbu ya aliyekitoa kwa nguvu. Hivyo vya mwisho ndivyo vinavyoua. Uliza pia kilisafirije. Kioo husafiri kimesimama kwa ukingo wake, kimefungwa magodoro kwenye fremu ya mbao. Kilicholazwa chini ya magunia, hata kama hakijapasuka, mimi sikichukui.

Mpira ni sehemu ambayo wenye magari hubania pesa, na ndipo mvua inapoingilia. Ukunje kwa vidole: usipasuke wala kubaki na mkunjo. Mpira wa miaka kumi umekauka na kufupika, na fundi akiurudisha atauvuta kwenye kona, nao kona zitafunguka ndani ya mwezi. Kabla hajaanza, mwulize atalainisha kwa nini. Jibu ni sabuni na maji. Ukisikia harufu ya petroli, mafuta ya taa au grisi, msimamishe, kwa kuwa mafuta huuvimbisha mpira huo na kuulegeza. Na pua ikufanyie kazi nyingine: wengi huongeza silikoni kwenye kingo, na ile inayonuka siki ina asidi inayoharakisha kutu kwenye bati. Ipo isiyonuka hivyo, na fundi anayejua tofauti ataitafuta sokoni hata kwa siku mbili.

Kutu yenyewe isipodharauliwa hutibika. Kwenye 79 huanzia kona za chini, maji yanapotuama chini ya mpira. Fundi mzuri hugonga kwa bisibisi akisikiliza. Bati zima hulia, lililooza hunyamaza. Pakitoboka, panachomelewa kiraka cha bati na kusagwa mpaka pawe sawa. Mastiki ya karoseri si kiraka. Donge moja lililoachwa kwenye ukingo linatosha kukipasua kioo kipya, kwa sababu hapo ndipo uzito wote wa mpindo wa chasisi utakapotua. Ukisikia mtu kapasua vioo viwili kwa mwaka mahali palepale, usilaumu barabara. Vua mpira.

Halafu kamba. Mpira umeshavishwa kioo, na kwenye mfereji wake wa ndani imelazwa kamba nyembamba ya nailoni kuzunguka pande zote, ncha mbili zikikutana katikati chini. Kioo kinawekwa kwa nje, na ncha zinaingia ndani ya gari. Mmoja yuko ndani anavuta kamba kuelekea katikati ya kioo, mwingine yuko nje anapigapiga kwa kiganja mahali palepale kamba inapotoka. Mdomo wa mpira unaruka ukingo wa bati, sentimita kwa sentimita. Wawili hao hawasemi sana: “Leta... ngoja... leta.” Kwenye kona aliye ndani anapunguza mwendo karibu kusimama. Anayetia goti kwenye dashibodi na kuvuta kwa mwili mzima atasikia mlio ambao hakuna anayeupenda. Wakimaliza, zunguka gari ukiangalia mdomo wa mpira: ulalie bati kwa upana uleule pande zote, bila mahali ulipomezwa wala ulipobinuka.

Wenye Hilux za siku hizi mambo yao ni mengine, kwani kioo chao hubandikwa kwa gundi ya poliyurithani na ni sehemu ya nguvu ya kabati. Soma tarehe ya mwisho kwenye mkebe wa gundi, ambayo joto la ghala huifupisha zaidi. Fundi aache utando mwembamba wa gundi ya zamani, milimita moja au mbili, apake mpya juu yake bila kukatiza, na asiguse silikoni kabisa. Unyevu wa Kindu huisaidia gundi hiyo kukaza. Gari lilale palepale kwa muda ulioandikwa kwenye mkebe, dirisha moja likiwa wazi kidogo, ili mlango ukifungwa kwa nguvu hewa isikisukume kioo nje. Na kama nyuma ya kioo kuna kamera ya kusaidia breki, jua kwamba itahitaji kupangwa upya kwa kompyuta.

Jaribio la maji lifanyike kabla ya malipo, na lifanywe kutoka chini kwenda juu. Ukianza na paa, maji yatateremka kila mahali na hutajua yameingilia wapi. Paka unga wa chaki kwa ndani kuzunguka mpira, mwagia upande wa chini, ngoja, kisha pande za kando, kisha juu. Michirizi kwenye chaki itaonyesha. Zulia la miguuni liinuliwe pia, maana maji ya kona za chini hukimbilia nyuma ya dashibodi na kutokea kwenye fyuzi.

Kuhusu malipo, patana mapema kwamba sehemu ya pesa ya mkono itabaki kwako mpaka gari liende Kalima na kurudi. Fundi anayejiamini hakatai, atakuomba tu ulirudishe gari kwake lenyewe badala ya kumpigia simu. Likirudi, atapitisha kidole gumba kwenye kona nne, ataurudisha mdomo wa mpira uliosogea kwa kijiti cha mbao, na kama ni hodari atachungulia pia skrubu za waipa, kwa kuwa mkono wa waipa uliolegea unakwaruza kioo kipya wiki ya kwanza.