Tazama Unywele Ulipokatikia

"Ukitaka uzuri sharti udhurike." Methali hii husikika kwenye saluni nyingi, kuanzia Mbagala Rangi Tatu hadi Mwananyamala, mteja anapokunja uso huku msusi akivuta vinywele vya pembeni ya paji. Mimi naipinga. Nywele zinazokatika zina sababu, na sababu hiyo huacha alama mahali zilipokatikia.

Anza na unywele mmoja. Ulaze juu ya kitambaa cheupe uutazame ncha zote mbili. Ukiona kitone cheupe upande mmoja, umetoka na shina lake: muda wake umekwisha. Kichwa kizima hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku. Aliyekaa na rasta wiki sita, siku ya kufumua hukutana na nywele za siku 42 zilizonaswa ndani ya msuko, 2,000 na zaidi. Bonge lile linatisha, lakini peke yake si ugonjwa. Pasipo kitone, unywele umekatika, na hapo uliza: umekatikia wapi?

Zikikatikia katikati, kwa walioweka dawa ya kulainisha, chunguza siku ya ritachi, yaani siku ya kupaka dawa nywele mpya zilizoota. Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini, iliyokazwa kwa vifungo vya salfa. Dawa ya kulainisha ni alkali kali inayovunja vifungo hivyo. Ndiyo maana unywele hunyooka, na ndiyo maana hupoteza sehemu ya nguvu zake. Nywele huota karibu sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo baada ya miezi miwili dawa inahitajika kwenye sentimita mbili za chini tu. Jumamosi foleni ikiwa ndefu, kitana huiburuta dawa hadi nchani. Nywele zilizokwisha kulainika zinapigwa dawa mara ya pili, ya tatu, kisha zinaachia pale za zamani zinapopakana na mpya. Kinga yake: usirudie kabla ya wiki nane, paka mafuta mazito kwenye nywele za zamani kabla dawa haijaguswa, na suuza kwa shampuu ya kuzimua dawa. Zipo ambazo povu lake hugeuka waridi dawa ikiwa bado imo. Endelea mpaka liwe jeupe.

Zikiisha pembeni, mkosaji ni mvuto. Madaktari waliuandika tangu 1907, kwa wanawake wa Greenland waliofunga nywele kwa kuzikaza. Karibu karne moja baadaye, utafiti wa Nonhlanhla Khumalo na wenzake huko Afrika Kusini uliikuta hali hii kwa karibu mwanamke mmoja kati ya watatu, na hatari ilizidi pale msuko ulipowekwa juu ya nywele zenye dawa. Dalili huja mapema: maumivu, vipele vidogo kwenye mashina, ngozi iliyoinuka kama hema. Ukifumua hapo, nywele hurudi. Ukivumilia miaka, shina hugeuka kovu, na kovu halioti nywele.

Zikikatikia nchani, tafuta ukavu, pasi na kitana. Chana zikiwa na unyevu, ukianzia nchani kupanda juu. Mafuta ya nazi ya bibi zetu wa pwani yana hoja: utafiti wa India wa 2003 ulionyesha kwamba hupenya ndani ya unywele na kupunguza upotevu wa protini wakati wa kuosha, jambo ambalo mafuta ya alizeti hayakulifanya. Yapakwe kabla ya kuosha. Ncha iliyopasuka haiungiki kwa mafuta yoyote, ikate.

Mtoto mwenye mabaka yenye magamba na nywele zilizokatika karibu na ngozi, mpeleke hospitali. Huenda ni mapunye, na fangasi huyo huhitaji dawa ya kumeza.

Kwa hiyo, msuko ukikuuma ungali kitini, sema: "Dada, legeza hapa mbele." Msusi anayeijua kazi yake atafumua mistari miwili na kuisuka upya. Dakika kumi zitapotea, na vinywele vya paji vitabaki.